Tonge la Simenti

Siku hizi asubuhi, jua halijakolea, wanawake wa umri wa binti zangu wanakimbia kwenye lami ya kwenda Lamadi wamevaa fulana za rangi moja. Wanene kwa wembamba. Wengine wanakimbia, wengine wanajikokota, na mbele yao kijana anapuliza filimbi. Wanapita mbele ya nyumba yangu hapa Bariadi. Jirani yangu akiwaona ananigeukia, anasubiri niseme neno. Ananijua tangu zamani. Mimi nafagia uwanja wangu.

“Mayu,” ananiita, yaani mama, “huwaoni?”

“Nawaona. Mungu awape nguvu.”

Anadhani naumwa. Siumwi. Nimechoka tu, na maneno ya kuwacheka watu wanaofanya mazoezi yaliniishia miaka ile pamba ilipoanza kununuliwa na watu binafsi. Wajukuu wananiuliza kwa nini bibi yao aliyekuwa akichekesha soko zima sasa akiona mtu anaruka kamba anatazama pembeni. Nimesema nitaandika mara moja, wasome, wasiniulize tena. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikaolewa. Kuandika kwenyewe nilikukomaza kwenye kisomo cha watu wazima. Basi mtu asitafute maua humu.

Ulimi wangu ulitoka kwenye ngoma. Sisi Wasukuma tuna makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, na mtu anazaliwa katika moja kama anavyozaliwa katika ukoo. Mavuno yakiisha, makundi yanakutana kwenye uwanja mmoja, kila moja na upande wake, na watazamaji wanakimbilia upande unaowafurahisha. Anayebaki na watu wengi ndiye ameshinda. Mimi nilikuwa mtunzi wa upande wetu, japo mwanamke. Nilitunga nyimbo za kuwasema wenzetu. Nikisema miguu ya kiongozi wao ni mipini iliyoliwa na mchwa, watajibu kwamba mdomo wangu ni shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa, anaingia mtu mzima na jembe lake. Watu wanacheka pande zote. Tukimaliza tunakunywa togwa ya chungu kimoja.

Lakini ilikuwa na sheria, hata kama hakuna aliyeiandika. Ukimwimba mtu, unamwimba akiwepo. Amesimama mbele yako, nyuma yake kuna watu wake na ngoma zake, na zamu yake inakuja. Asipojibu ni kwamba ameshindwa, na mwakani atakuja na jibu alilolipika mwaka mzima. Hapakuwa na kukasirika. Aliyekasirika kwa wimbo alichekwa zaidi.

Upande ule wa pili kulikuwa na mpiga ngoma aliyenisumbua ujana wangu wote. Huyu hakuimba. Alinijibu kwa mikono. Nikiwa katikati ya wimbo, watu wamenizunguka, yeye alinyamazisha ngoma yake kabisa. Uwanja mzima ukasikia ukimya huo. Kisha aliipiga kwa namna ambayo sijui kuieleza, na watu wangu walinikimbia neno likiwa bado mdomoni. Nimewahi kumaliza wimbo nikiimbia mbuzi. Sikumchukia. Nilimtaka kila msimu aje, maana bila yeye ningekuwa naimba peke yangu.

Baadaye tukazeeka. Yeye alipata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mimi nikafiwa na mume nikahamia mjini kuuza samaki. Nilikuwa na meza sokoni: sato wa kukausha na dagaa, wanaletwa kutoka Lamadi. Simiyu wakati huo haijawa mkoa, tulikuwa chini ya Shinyanga.

Ndipo yakaja mambo ya ruksa. Pamba ikaanza kununuliwa na kila mwenye gari na mzani. Chama cha ushirika kikanyauka kama kibuyu, godauni lake pembeni mwa soko likabaki na popo. Kiwandani wakapunguza watu. Yule mpiga ngoma naye akapunguzwa, nilisikia hivyo, nikasema pole yake, nikaendelea kugeuza samaki. Mitumba ikaingia kwa marobota. Vijana wa Nkoma na Migato waliokuwa wakivaa kaptura za shule walianza kuja mjini na singlendi zilizoandikwa maneno ambayo hakuna aliyejua maana yake.

Na magazeti nayo yakawa ruksa. Kijana mmoja mwenye duka la steshenari alileta mashine ya fotokopi, akatoa gazeti lake. Karatasi mbili zilizokunjwa. Mbele bei za pamba, ndani misiba na matangazo, nyuma vichekesho. Siku moja alikuja kununua dagaa akanikuta namsema mteja aliyemshika samaki wangu kila mahali kisha akamwacha. Akasimama, akacheka mpaka akasahau alichofuata.

“Bibi, hayo unayosema, yaandike.”

“Niandike nini, mimi wa darasa la nne?”

“Andika kama unavyosema. Kupiga taipu ni kazi yangu.”

Nikaandika. Niliandika juu ya wanunuzi wa pamba wanaokanyaga mzani kwa kidole cha mguu, juu ya mapadri wanaohubiri mpaka ugali unapoa, juu ya wanaume wanaonunua redio kabla ya kununua godoro. Watu wakaanza kulisoma gazeti kuanzia nyuma. Sokoni wakawa wananisalimia kwa maneno yangu mwenyewe. Nisiseme uongo, ilinipendeza. Tangu niache ngoma hakuna aliyekuwa amenicheka vizuri.

Kisha mtu aliyetoka Mwanza alikodi lile godauni la ushirika akaliita jim. Vyuma vyake alivitengeneza hapahapa: bomba la maji, kila ncha kopo la rangi lililojazwa simenti. Ekseli ya lori. Kapi la kisimani lililofungwa kwenye mbao za paa, na kamba. Mlango wa godauni ulikuwa mpana, wa kupitisha lori, na meza yangu ilitazamana nao. Nilikuwa na jambo la kutazama siku nzima.

Niliandika hivi, nakumbuka kwa sababu walikuwa wakinisomea barabarani: “Nimeona kijana ananyanyua chuma. Nikasema, anakipeleka wapi? Akakishusha palepale. Akakinyanyua tena, akakishusha palepale. Nimekaa mpaka samaki wangu wameanza kuniuliza, bibi, twende? Jua limezama, kijana amelowa jasho, chuma hakijasogea. Mama yake amepita na ndoo kichwani, naye amelowa jasho, lakini ndoo imefika.”

Wale vijana hawakukasirika. Waliibandika karatasi ile kwenye ukuta wa jim. Mmoja alikuja mezani kwangu, akakunja mkono.

“Bibi, shika hapa.”

Nikashika.

“Unaonaje?”

“Naona ni mlaini kuliko sato wangu. Na huyu amekufa tangu juzi.”

Wenzake walilala chini kwa kicheko. Ndivyo inavyotakiwa kati ya bibi na mjukuu. Yeye naye alinijibu kwamba samaki wangu wananuka mpaka wanamsaidia kunyanyua chuma, akiwavuta puani anapata hasira. Nikampa dagaa kiganja.

Nataka nieleze kwa nini nilicheka, maana sikuwa nachekesha tu. Mwili mimi niliujua kwa kazi. Nimelima pamba na mtoto mgongoni, nimebeba kuni, nimebeba maji, nimembeba mama mkwe wangu kwenda zahanati. Nguvu kwangu ilikuwa kitu kinachokwisha, kama chumvi. Mtu kwenda kuimwaga makusudi ndani ya godauni, kisha kurudi nyumbani akaoge, niliona ni matusi kwa wote tuliochoka. Hilo nililiamini. Na sehemu yake ninaliamini mpaka leo.

Asubuhi moja nilimwona yule mpiga ngoma mle ndani.

Alikuwa ameketi kwenye benchi, amenipa mgongo kimshazari, nywele zimekuwa nyeupe. Nilimjua kwa mabega. Mkononi alikuwa na kopo dogo la nyanya lililojazwa simenti, kama la watoto kuchezea. Analitoa gotini, analipandisha polepole, polepole, mpaka karibu na kifua, linatetemeka, analirudisha. Anapumzika. Anaanza tena. Kijana amemwinamia pembeni, nikadhani anamcheka. Pale pembeni yake wenzake wananyanyua ekseli, yeye na kopo la nyanya.

Damu yangu ilichangamka. Niliona msimu umerudi. Nikasema huyu mzee amejileta mwenyewe uwanjani, na safari hii hana ngoma.

Sikusogea kumsalimu. Niliandika nikiwa nimeketi palepale mezani, juu ya karatasi ya kufungia samaki: “Mpiga ngoma wetu wa zamani amepata chakula kipya. Anakata tonge la simenti, analipandisha, analikaribisha mdomoni, analitazama, analirudisha. Amekaa hivyo asubuhi yote. Nadhani anasubiri mchuzi.”

Jina sikutaja. Halikuhitajika.

Ile karatasi ilikwenda mbali kuliko zote. Ilifika Maswa, ilifika mpaka Ipililo, mtu wa kutoka huko alikuja kuninunulia samaki akaniambia kwao wanasema “nasubiri mchuzi” kila mtu akichelewa kufanya jambo. Watoto wa mjini walimwita Mla Simenti. Alikuwa akiletwa kwa baiskeli, amekaa kwenye kiti cha nyuma, mapema kabla sijapanga meza, na baiskeli ikimfuata mle mle ndani kumrudisha, kwa hiyo sikuwahi kumwona akitembea. Watoto walikimbia nyuma ya baiskeli.

Mimi nikangoja jibu. Nilijua litakuja. Labda atatuma mtu sokoni na neno. Labda atakwenda kwa yule wa steshenari aandikiwe lake. Labda atatafuta ngoma aje aipige mbele ya meza yangu mchana kweupe, wateja wanikimbie kama zamani. Sikubanduka mezani nisije nikalikosa. Halikuja. Nikasema ameshindwa, nikamwongezea la pili, fupi, kwamba mchuzi umefika, ni wa kokoto.

Baada ya hilo benchi likawa tupu.

Mke wake alikuja mezani kwangu siku ya gulio, watu wamejaa. Tulikuwa tunajuana kwa mbali. Akasimama mpaka wateja wamepungua. Sikumwona na kikapu.

“Mwangaluka, dada.”

“Mwangaluka. Habari za nyumbani?”

“Za nyumbani nimekuja kukupa, maana naona huzijui.”

Hakupandisha sauti. Aliniambia mume wake baada ya kupunguzwa kazi aliugua kiharusi. Upande wa kulia wote ulilala. Ndugu walisema amerogwa, wakamzungusha kwa waganga, mwisho akafikishwa hospitali. Mguu ulirudi kidogo, anatembea na fimbo. Mkono haukurudi. Hospitali yule mtu wa viungo alimwambia ashike kitu kidogo, akipandishe mdomoni kila siku, aongeze uzito taratibu, na asiache, maana mkono kama huo ukiuacha unasahau. Kijana wa jim alikubali kumsaidia bure.

“Kwa nini mdomoni?” nilimuuliza. Sijui kwa nini niliuliza. Nilishajua.

“Kwa sababu hali chakula na wanaume wenzake, dada.”

Mtu asiye wa kwetu labda hataelewa haraka. Kwetu mwanamume anakula shikome, uani penye moto wanapokaa wanaume, sahani moja, mkono wa kulia. Wa kushoto una kazi nyingine na kila mtu anaijua. Huwezi kuuingiza kwenye sahani ya wenzako. Basi tangu augue, moto ukiwashwa na wenzake wakiitana, yeye alikuwa anaingia ndani. Anakula kwa kijiko, kwa kushoto, mlango umefungwa. Hata watoto wake hawamwoni. Kwenye misiba aliondoka kabla sahani hazijaletwa.

“Na binti yetu amechumbiwa,” mke wake aliendelea. “Wakwe wanakuja na ng’ombe pamba ikishauzwa. Atakula nao vipi? Anasema kama mkono haujarudi, mdogo wake atakaa kwenye sahani badala yake, yeye atakwenda porini siku hiyo. Baba mwenye mji aende porini siku ya kupokea ng’ombe wa binti yake.” Akatengeneza khanga yake. “Mkono ulikuwa unapanda, dada. Ulifika hapa.” Akajigusa kifuani. “Sasa hataki kurudi mjini. Anasema watoto wanamhesabia matonge. Ile simenti alikuwa anajifunza kula.”

Kisha akaondoka. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Nilifanya nilichojua. Nikaandika kwamba nimekosea, kwamba mzee yule ni mgonjwa na anafanya alichoagizwa hospitali, watu wamwache. Nikampelekea yule wa steshenari. Alisoma, akakuna kichwa.

“Bibi, hili nitaliweka wapi?”

“Mbele.”

“Mbele ni pamba. Watu wanakutafuta nyuma.”

Akaliweka nyuma. Lilipotoka, nilipita penye mama muuza chai nikasikia mtu anawasomea wenzake kwa sauti. Alipofika kwenye “mzee ni mgonjwa” walicheka. Alipofika kwenye “mumwache” wakapiga meza. Mmoja akasema, “Bibi safari hii amejifanya analia, huyu mwanamke hafai.” Nikaingia nikawaambia nimesema kweli, silii wala sichekeshi. Wakacheka zaidi. Mwenye chai alinipa kikombe cha bure kwa ajili hiyo.

Nilikaa na kile kikombe nikaelewa jambo ambalo sikulielewa nikiwa naandika. Wimbo wa ngoma unamkuta mtu akiwa amesimama na watu wake. Karatasi inamkuta ndani, peke yake, mlango umefungwa, na haina zamu ya pili. Nilipomsubiri ajibu, angejibu kwa kitu gani? Jibu lake maisha yote lilikuwa mikono.

Basi nikaenda jim. Mara ya kwanza kuvuka ule mlango, na nilikuwa nimewaandika tangu wafungue. Mle ndani kulikuwa na harufu ya pamba ya zamani na jasho. Vijana wakaacha vyuma, wakidhani nimekuja kutafuta la kuandika. Mmoja akaanza kunitunishia kifua.

“Shusha hicho kifua,” nikamwambia. “Nimekuja kwa jambo la mzee.”

Mwenye jim alinipeleka kwenye lile benchi. Akanieleza taratibu kama mtu anayemweleza mama yake. Kijana mmoja alikuwa anashika kiwiko, mwingine bega, wanamsaidia kupanda mpaka mkono unapochoka, kisha kamba ya kapi inauvuta juu. Nilichokiona kutoka mezani kuwa mtoto anamwinamia mzee amcheke, ilikuwa ni kumshika.

“Alikuwa amefika wapi?”

“Usawa wa hapa.” Akaonyesha mfupa wa chini ya shingo. “Bado kidogo tu, bibi.”

“Na sasa?”

“Sijui. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye kazi. Akikaa, unarudi nyuma. Labda nusu, labda wote.”

Nilimwambia kwamba mzee hataki kuja tena mjini, kapi lile lipelekwe kwake.

“Kapi ni moja, bibi.”

“Naliona ni moja.”

Akawatazama wenzake. Yule kijana wa mkono mlaini ndiye aliyesema, “Tutapokezana. Wiki hii hapa, wiki ijayo kwa mzee.” Nikamuuliza, wewe baba yako yuko wapi, huna pa kulima? Akasema baba yake alipunguzwa kiwandani siku moja na mzee, shamba wamegawana kaka zake. “Nyumbani nikikaa naona ukuta tu, bibi. Hapa angalau kuna mtu ananihesabia.” Alisema bila kujitafutia huruma. Na mimi nilikuwa nimewaandikia watu kwamba hawa wamekosa kazi ya kufanya. Ilikuwa kweli kabisa. Walikuwa wamekosa kazi.

Tulikwenda na baiskeli, kapi limefungwa nyuma, mimi nimekaa kwenye kiti cha baiskeli nyingine. Mwenye jim alisema maneno ya kumwomba mzee ni yangu, yeye hatayasema. Mzee alikuwa amekaa kivulini kwa ukuta wa zizi. Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu.

“Mwadila, baba.”

“Mwadila.”

Nikakaa chini. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanikimbia. Nikasema tu, “Nilikusema. Sikujua unaumwa. Na sikuuliza.”

Alikaa kimya, na ule ukimya wake niliukumbuka. Ulimi wake ulikuwa mzito, nao uliguswa na ugonjwa.

“Zamani ukiniimba,” alisema, “ulikuwa unanitazama usoni.”

“Ndiyo.”

“Safari hii ulitazama mgongo.”

Akawaonyesha vijana kwa fimbo mti wa zizi ulio imara, wafunge kapi hapo.

Sitasema mambo yakawa mazuri. Vijana walikuja kwa zamu walivyoahidi, kisha msimu wa pamba ukafunguliwa na wengi wakachukuliwa kupakia malori ya wanunuzi, wakawa wanakuja wanapoweza. Kuna siku mzee alikataa kamba, akamgeuzia mke wake mgongo siku nzima. Kuna siku alivuta mpaka akalia. Mimi nilikwenda kila nilipoweza na samaki, nikampa mke wake mlangoni, sikuingia kutazama. Nilikuwa nimetazama vya kutosha. Gazeti niliacha. Yule wa steshenari alikuja kunibembeleza, akasema basi niandike juu ya wanasiasa, hao hawaumwi. Nikamwambia sijui wanasiasa. Gazeti lenyewe halikumaliza mwaka, fotokopi iliharibika.

Je, mkono ungerudi wote kama nisingeandika? Nilimuuliza mwenye jim mara nyingi, na mwisho akawa ananikwepa sokoni. “Labda,” ndilo neno lake. Neno hilo silipeleki popote. Halina ndiyo nikajilaumu, halina hapana nikapumzika.

Pamba ilipouzwa, wakwe walikuja na ng’ombe. Mke wa mzee alikuwa ametuma watu wanite nikasaidie jikoni. Nilisonga ugali kwenye sufuria kubwa, mikono inaniuma, sikukubali mtu anipokee. Ng’ombe walipopokelewa na maneno kwisha, wanaume wakaitwa kwenye sahani. Tulisimama mlangoni mwa jiko, sisi wanawake, tunajifanya tuna kazi. Mdogo wake mzee alikuwa amekaa tayari karibu na mahali pake.

Mzee alitoka ndani na fimbo. Mdogo wake akainuka, akampisha.

Binti mdogo alipitisha maji. Mzee akatoa mkono wa kulia, akaushika kwa wa kushoto kuufikisha kwenye maji, ukanawishwa kama wa mtoto. Akakata tonge. Lilikuwa dogo. Akalichovya. Mkono ukapanda, ukafika kifuani, ukafika chini ya shingo, ukasimama pale unatetemeka. Haukuvuka. Kisha mzee akashusha kichwa, akaufuata mkono pale ulipokwamia, akachukua tonge kwa mdomo.

Baba mkwe, mzee wa Nkoma mwenye masikio makubwa, alikuwa anamtazama. Akatazama kitoweo. Kisha yeye naye akaanza kula polepole sana, anakata vitonge vidogo kama vya ndege, anatafuna kama anafikiri jambo. Wengine wakamfuata. Ile sahani ilichelewa kuisha kuliko sahani yoyote niliyowahi kupika, na mzee hakuachwa nyuma.

Nilipokwenda kuondoa vyombo, alinishika kwa macho. Usoni, siyo pembeni. Akasema kwa Kisukuma, polepole, kila mtu akisikia:

“Watu wa upande ule hamjajifunza tu. Ugali mbichi.”

Wanaume wakacheka, mpaka wale wakwe ambao hawakujua tulikotoka. Wanawake jikoni wakapiga vigelegele. Mdogo wake akaninyooshea kidole, anasubiri nijibu, na wote wakanyamaza wanisikilize.

Nikachukua sahani. Ilikuwa imefutwa safi.

“Ungekuwa mbichi usingeumaliza,” nikamwambia. “Niliusonga mwenyewe.”